Jibu la Kipimo ni la Nani?



Mwezi huu twapenda kulifikiri pamoja nanyi jambo moja ambalo limemgusa kila mtu aliyewahi kuugua au kumpeleka mgonjwa hospitalini, ingawa labda hakulipa jina. Mgonjwa afika kwa mganga. Atolewa damu kidogo kidoleni, au apewa kikopo ateme makohozi. Kisha vitu hivyo vyachukuliwa ndani, mlango wafungwa, naye aambiwa angoje. Kule ndani ndiko maabara, yaani chumba cha kupimia. Baadaye latoka jibu. Basi twauliza: jibu lile ni la nani? Ni la mganga aliyelitaka? Ni la serikali iandikayo hesabu za magonjwa? Ni la wataalamu waliokivumbua kipimo? Au ni la mgonjwa mwenye damu ile?

Msomaji atasema, "Swali hili ni jepesi, bila shaka ni la mgonjwa." Nasi twasema vivyo hivyo. Walakini mambo yaliyotendeka katika miaka 140 na zaidi yaonyesha ya kuwa neno hili, ingawa ni jepesi kusemwa, ni zito kutendwa. Siku hizi vipimo vipya vyatokea kila mara, navyo vyaona upesi na mbali kuliko vya zamani. Watu huvishangilia kana kwamba kipimo chenyewe ni dawa. Sisi twaona ya kuwa kipimo kipya humfaa mgonjwa kwa kadiri jibu lake linavyofika mikononi mwa mtu aliye tayari kulitendea kazi kwa ajili ya mgonjwa huyo. Lisipofika, au likifika lisitendewe kazi, uvumbuzi umebaki kuwa sifa ya wavumbuzi tu. Natuyatazame mambo yenyewe, moja moja.

Kuona na kuponya

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, mganga Mjerumani Robert Koch alisimama mbele ya wenzake akawaeleza chanzo cha kifua kikuu. Ni kidudu chembamba kama kijiti, kisichoonekana ila kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, tena baada ya kutiwa rangi. Kabla ya siku hiyo watu wengi wa Ulaya walidhani ya kuwa ugonjwa huu hurithiwa katika ukoo. Tangu siku hiyo makohozi ya mgonjwa yaliweza kutoa ushahidi. Lakini dawa haikuwapo. Streptomisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuvishinda vidudu hivyo ndani ya mwili wa mtu, ilipatikana Marekani mwaka 1943. Basi kwa muda wa miaka 61 mganga aliweza kumwambia mgonjwa jina la ugonjwa wake kwa hakika, asiweze kumponya.

Je, kujua huko kulikuwa bure? Hasha. Watu walijifunza ya kuwa ugonjwa huu huambukizwa, wakaanza kuacha kutema ovyo, kufungua madirisha, na kutowalaza watoto kitanda kimoja na mwenye kukohoa. Mgonjwa mwenyewe, hata kama hakupona, aliweza kuwalinda aliowapenda. Hapa twapata fundisho la kwanza. Jibu laweza kuwa jema hata pasipo dawa, maadamu liko jambo ambalo mgonjwa au jamaa zake waweza kulifanya kwa sababu ya kujua.

Koch huyo huyo atufundisha na upande wa pili. Mwaka 1890 alitangaza ya kuwa amepata kitu cha kuvizuia vidudu vile mwilini, ndicho kilichoitwa tuberkulini. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka nchi nyingi. Dawa ile haikuwaponya. Wengine walizidiwa, na wengine wakafa. Baadaye waganga waligundua ya kuwa tuberkulini yafaa kwa kupima tu: ikitiwa katika ngozi, huonyesha kama mtu amekwisha kuambukizwa. Hivyo kitu kilichotolewa kuwa dawa kikaishia kuwa kipimo. Hatuikumbuki habari hii ili kumdharau mtu, maana mwaka 1905 Koch alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu, naye alistahili. Twaikumbuka kwa kuwa tamaa ile ya kudhani kwamba aliyeuona ugonjwa amekwisha kuuponya ingaliko hata leo.

Mwaka uliofuata, 1906, Koch alikuja katika visiwa vya Sese, vilivyo katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Wakati huo malale yalikuwa yakiwamaliza watu wa pwani na visiwa vya ziwa. Wagonjwa walijaa kambini kwake. Waganga walitazama kwa hadubini damu yao, na maji yaliyotolewa katika tezi za shingo, wakaviona vidudu vya malale. Hadubini ilisema kweli. Wagonjwa wakapewa dawa iitwayo atoxyl, ambayo ndani yake mna arseniki, nayo ni sumu. Mwanzoni ilileta nafuu. Lakini kiasi cha dawa kilipoongezwa, baadhi ya wagonjwa walipofuka macho, wasione tena. Habari za kazi ile ziliandikwa kwa uangalifu zikapelekwa Berlin. Sasa turudie swali letu. Majibu yale yalikuwa ya nani? Watu wa Sese walitoa damu yao, na wengine macho yao, elimu ikasafiri. Kipimo cha kweli, kikiwa mikononi mwa watu wenye kutafuta elimu kwanza na mtu baadaye, hakimlindi mgonjwa.

Mashine mpya ya makohozi

Tukija kwenye miaka yetu, jambo lafanana na hilo, ingawa nia za watu zimekuwa njema zaidi. Kwa zaidi ya miaka 100 hadubini ilibaki kuwa kipimo cha kifua kikuu katika nchi zetu. Nayo ni kipimo chema na cha bei nafuu, ila jicho lake lina kikomo. Ili mtazamaji avione vidudu, hapana budi viwemo kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi. Watoto, na watu wenye virusi vya ukimwi, mara nyingi huwa na vidudu vichache kuliko hivyo. Basi mtu kama huyo huambiwa, "Hakuna kitu," naye anakwenda nyumbani na kifo kifuani mwake. Iko njia nyingine ya kuviotesha vidudu katika chakula chao, kama mkulima aoteshavyo mbegu. Lakini vidudu hivi huota polepole sana, na jibu huchukua wiki nyingi.

Mwezi wa Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliukubali uvumbuzi mpya, mashine iitwayo GeneXpert. Kazi yake ni hivi. Makohozi huchanganywa na maji ya dawa, huachwa dakika 15, kisha hutiwa katika kikasha cha plastiki, nacho kikasha huingizwa katika mashine. Mashine yenyewe huvipasua vidudu, huitafuta ndani yao asili ya uzazi iitwayo DNA, na kuizidisha mara nyingi mpaka idhihirike. Kwa muda usiotimia saa 2 jibu limetoka. Hata vidudu 130 hivi katika mililita moja vyatosha. Tena mashine yasema jambo la pili ambalo hadubini haiwezi kulisema kamwe: kama vidudu hivyo vimekuwa sugu kwa rifampisini, iliyo nguzo ya dawa za kifua kikuu. Zamani mgonjwa mwenye vidudu sugu alimeza dawa zisizomfaa miezi mingi, akizidi kukonda na kuwaambukiza watoto wake, mpaka watu wakatambua. Kwa mtu huyo mashine hii ni ukombozi mkubwa, wala hatutaki neno lolote tutakalosema hapa chini lifiche jambo hilo.

Watu walitumaini ya kuwa mashine hii itapunguza vifo na mateso mara moja. Ndipo wataalamu wakaamua kuupima uvumbuzi wenyewe. Mwaka 2014 ilichapishwa habari ya watu 1,502 waliofika na kikohozi katika vituo vya afya vya Afrika ya Kusini, Zimbabwe, Zambia na Tanzania. Kwetu kazi hiyo ilifanyika Mbeya. Wengine walipimwa kwa hadubini, wengine kwa mashine mpya iliyoendeshwa na wauguzi papo hapo kituoni. Walioanza dawa siku ile ile walikuwa 23 katika kila 100 kwa upande wa mashine, na 15 katika kila 100 kwa upande wa hadubini. Hilo ni jambo jema. Lakini walipowatazama wagonjwa wale baada ya miezi 2, na tena baada ya miezi 6, hali zao za ugonjwa hazikuachana. Mwaka 2015 ikatolewa habari nyingine ya Afrika ya Kusini, ya watu zaidi ya 4,000. Huko nako hawakuweza kuonyesha ya kuwa mashine imepunguza vifo.

Je, mashine ilikuwa ya uongo? Sivyo, iliona vidudu ambavyo hadubini haikuviona. Tukitafuta sababu twaziona mbili kubwa. Ya kwanza ni hii: waganga wa nchi zetu tangu zamani hawakuingoja hadubini. Walimtazama mtu, wakasikiliza kifua chake, wakauliza habari za jasho la usiku na kukonda, wakampa dawa hata kama hadubini ilisema hakuna kitu. Kwa hiyo hesabu ya wote walioanza dawa hatimaye ilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Akili na huruma ya mganga zilikuwa zimekwisha kuziba sehemu ya pengo ambalo mashine ilikuja kuliziba. Sababu ya pili yasikitisha. Katika Afrika ya Kusini walikuwako watu waliokwisha kuonekana kuwa na kifua kikuu, na jibu limeandikwa, ambao baada ya siku 28 walikuwa hawajaanza dawa. Mashine ilichukua saa 2. Safari ya jibu kutoka maabara mpaka kinywani mwa mgonjwa ilichukua wiki, au haikwisha.

Fikirini njia ile, ndugu. Makohozi yatoka kituoni kwa gari au pikipiki. Yafika maabara, yapimwa. Jibu larudi kwa karatasi au kwa simu. Mgonjwa ameambiwa arudi Jumatano, naye hana nauli. Au amerudi, na karatasi haijaonekana. Au namba yake ya simu iliandikwa vibaya. Au amehamia kwa dada yake kutafuta kibarua. Katika njia hiyo yote wavumbuzi wameharakisha hatua moja tu, ile ya ndani ya chumba. Hatua nyingine zimeachwa vile vile. Mto ukiwa na vivuko vitano, nawe ukajenga daraja zuri kwenye kivuko kimoja, msafiri bado atalowa maji mara nne.

Jibu la "hapana"

Tumesema habari ya jibu lisilofika. Liko na jibu lifikalo lakini lisisadikiwe, na mfano wake tunao nyumbani kwetu Tanzania. Wahenga husema, dalili ya mvua ni mawingu; lakini si kila wingu huleta mvua, wala si kila homa ni malaria. Mwaka 2004 ilichapishwa habari ya hospitali 10 za kaskazini na mashariki ya nchi. Watu 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa malaria kali. Damu yao ilipotazamwa na wataalamu wa hadubini, wenye vidudu vya malaria walikuwa 2,062, yaani hawakufika nusu. Waliosalia walikuwa na ugonjwa mwingine, na ugonjwa huo haukuwa ukitafutwa.

Ikasemwa, "Waleteeni waganga kipimo kipya cha haraka, kile kijiti cha kutia tone la damu na kungoja dakika chache." Kikaletwa. Mwaka 2007 ikatolewa habari ya namna kilivyotumika kaskazini-mashariki ya Tanzania kikilinganishwa na hadubini. Kwa vipimo vyote viwili, zaidi ya nusu ya wagonjwa walioambiwa hawana malaria walipewa dawa ya malaria vivyo hivyo. Jibu lilitoka, lilikuwa la kweli, lilifika mezani kwa mganga siku ile ile. Ila halikupata mtu wa kulitii.

Tusiwalaumu waganga hao upesi. Jibu la "ndiyo" hutoa jina na dawa. Jibu la "hapana" humwacha mganga mikono mitupu mbele ya mama aliyepakata mtoto mwenye homa. Mganga huogopa: na kipimo kikikosea, mtoto akafa? Mama naye husema, "Bwana mganga, mtoto wangu anaungua, nawe waniambia hana kitu?" Hapo dawa ya malaria huwa namna ya kumfariji mama na kumtuliza mganga. Lakini faraja hiyo ni ya gharama. Miaka ya 2007 na 2008, katika hospitali mbili za Moshi, watu 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa kwa vipimo vya namna nyingi. Waliodhaniwa wana malaria walikuwa 528. Walioonekana wanayo kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na vidudu ndani ya damu. Na kama robo ya waliopimwa magonjwa ya kutoka kwa wanyama walionekana nayo, kama ile homa iletwayo na mkojo wa panya, au ile ya maziwa mabichi, magonjwa ambayo hakuna aliyeyataja walipopokewa. Kulala kitandani na kutibiwa ugonjwa usio wako, huku wako ukiendelea kula mwili, ni kuachwa peke yako katikati ya watu wanaokuhudumia.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba kila adhaniwaye kuwa na malaria apimwe kwanza, na kijiti kile sasa chajulikana hata katika zahanati za vijijini. Waganga wengi wamejifunza kuliamini jibu lake. Ila limetokea jambo jingine: habari iliyokusanywa kutoka nchi kadhaa, ikatolewa mwaka 2017, yaonyesha ya kuwa aambiwaye hana malaria hupewa mara nyingi zaidi dawa za antibaiotiki, hata pasipo kujua kama azihitaji. Mkono umeacha chupa moja ukashika nyingine. Basi kipimo kisemacho "huu sio" kimefanya nusu ya kazi. Kinadai mtu wa kuketi na kuuliza, "Kama sio huu, ni upi?" Swali hilo halimo ndani ya kijiti, limo ndani ya mtu.

Mahali jibu lilipofika

Tusije tukadhaniwa kuwa twasema uvumbuzi haufai. Uko mfano wa kutufurahisha, nao ni wa jirani zetu wa Msumbiji. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya ukimwi hawezi kupimwa kwa kipimo cha kawaida, kwa sababu damu yake bado ina alama alizopewa na mama yake, na kipimo kitaonyesha ugonjwa hata kama hanao. Hapana budi kuvitafuta virusi vyenyewe. Kwa desturi damu ya mtoto hukaushwa juu ya karatasi na kupelekwa maabara kubwa ya mbali, na jibu hurudi baada ya wiki au miezi. Lakini mtoto hana miezi ya kungoja. Katika watoto walioambukizwa wasiopewa dawa, karibu nusu hufa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Huko Msumbiji mashine ndogo ziliwekwa katika vituo vya afya vyenyewe, karibu na mama alipoketi, na jibu likatolewa kwake siku ile ile. Habari yake ilichapishwa mwaka 2018. Katika vituo hivyo watoto wapatao tisa katika kila kumi walioonekana na virusi walianza dawa ndani ya siku 60. Katika vituo vilivyofuata njia ya zamani alianza kama mtoto mmoja katika kila wanane. Kwa nini tofauti imekuwa kubwa hivi, wakati mashine ya makohozi haikuleta tofauti ya namna hiyo? Kwa maana hapa hapakuwa na mganga awezaye kukisia kwa macho; mtoto mchanga mwenye virusi hufanana na mwenzake. Tena uvumbuzi haukuharakisha hatua moja tu. Uliifuta safari yenyewe: mama, mtoto, jibu na dawa vilikuwa chini ya dari moja. Jibu lilifika kwa mwenyewe kabla hajaondoka.

Yatupasayo

Tukiyakusanya haya, twaona mambo matatu yapasayo kushikwa na kila aletaye kipimo kipya, na kila akitumiaye.

Kwanza, asipimwe mtu kwa ajili ya hesabu za wengine tu. Yaruhusiwa kupima hata pale ambapo dawa haijapatikana, kama tulivyoona habari ya kifua kikuu cha zamani. Lakini apimwaye aambiwe, ajue atafanya nini na jibu lake, na asipotaka asishurutishwe kwa hila. Tena jibu ni siri yake. Likitangazwa sokoni kabla hajaliweka moyoni, ameibiwa.

Pili, fedha itolewayo kwa mashine ifuatwe na fedha ya njia. Kikasha kimoja cha ile mashine ya makohozi kiliuzwa kwa nchi maskini kwa dola 9.98 tangu mwaka 2012, na mwezi wa Septemba 2023 bei ikashushwa kuwa dola 7.97. Watu walishindana miaka mingi juu ya bei hiyo, nao walifanya vema. Lakini bei ya mtu wa kupanda mlima kwenda kumwita mgonjwa aliyekosa kurudi haishindaniwi na mtu. Mashine yapigwa picha siku ya kufunguliwa. Mwenda kwa miguu hapigwi picha. Wafadhili na wakuu wa hospitali yafaa waulize, baada ya kusema, "Tumepima wangapi?" waseme pia, "Waliopata jibu ni wangapi, na walioanza dawa ni wangapi?" Hesabu ya kwanza yaonyesha kazi ya mashine. Ya pili na ya tatu zaonyesha kazi yetu.

Tatu, jibu la kweli huleta wajibu juu ya kila aliyelisoma. Mtu akikuta mzigo wa mwenzake njiani, na jina limeandikwa juu yake, hawezi kusema, "Mimi si mchukuzi." Mpimaji katika maabara haoni uso wa mgonjwa, aona namba juu ya kikopo. Walakini kikopo kile kikibadilishwa na kingine kwa uvivu, watu wawili wameumizwa: mmoja apewa sumu asiyoihitaji, mwingine anyimwa dawa yake. Kwa hiyo twawaheshimu wapimaji wanaoandika namba mara mbili na kusafisha vyombo pasipo kuonwa na mtu. Heshima ile ile yampasa muuguzi anayekaa jioni akizipitia karatasi zisizochukuliwa, na kuwapigia simu wenyewe mmoja mmoja.

Huenda mtu akatujibu, "Mwasema habari za waganga, sisi wakulima na waalimu wa vijiji twaweza nini?" Twaweza mengi. Nusu ya njia ya jibu yapita vijijini kwetu. Ninyi waalimu mwatembelea wagonjwa nyumbani. Mkimkuta mtu anakohoa, msimwulize tu kama amekwenda hospitali. Mwulizeni, "Majibu yako umeyapata? Umeambiwaje? Siku ya kurudi ni lini, na nauli iko?" Kama hana nauli, jamaa na wachange. Kama aona aibu, mmoja amsindikize, wala asimwulize lililo siri. Mama akisema, "Wamemwambia mwanangu hana malaria, basi hawakumtibu," mweleze kwa upole ya kuwa "hapana" ya kipimo si dharau. Arudi akaulize ni ugonjwa gani basi, na asinunue dawa dukani kwa kukisia.

Na wewe mwenyewe, msomaji, siku utakapotoa damu yako, usione haya kuuliza. Uliza wapima nini, jibu litatoka lini, na litakupa dawa gani au onyo gani. Kumwuliza mganga hivyo si kumkosea adabu. Damu ni yako, na jibu ni lako. Na yeye aliye mganga kweli atafurahi kukupa mikononi mwako kitu kilichokuwa chako tangu mwanzo.